Nani Aliahidi Kombe?

Timu ya soka ya chuo ikirudi Eldoret kutoka michezo ya taifa ikiwa ya nne, habari yake huwa imeshagawanyika mara mbili kabla mabegi hayajateremshwa kwenye basi. Mmoja atakwambia vijana wamefika nusu fainali, wametolewa kwa penalti, na nusu ya kikosi ni wa mwaka wa pili. Mwingine atakwambia vijana wamesafirishwa kwa basi la chuo, wamelishwa kwa pesa za wanafunzi, na wamerudi mikono mitupu kama mwaka jana. Wote wawili wanasema kweli. Ubishi huo utapita Kesses kwenye vibanda vya chai, utapita Kimumu kwenye stendi ya bodaboda, utafika Langas kwa waliohitimu wakabaki mjini kutafuta kazi, na popote utakapofika hautakwisha. Utakwishaje, ikiwa msimu ulipoanza hakuna aliyesema timu inatafuta nini?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, kwa maoni yangu, kuliko kwenye hesabu ya mabao. Klabu ya kulipwa huwa na mwenyekiti anayetangaza mbele ya kamera kwamba mwaka huu ni ubingwa au kocha afungashe virago. Huwa na mdhamini anayejua anachokilipia. Timu ya chuo huanza na majaribio mara wanafunzi wapya wakishafika: vijana wanajitokeza na njumu za kuazima, kocha anachagua, jezi zinatafutwa, safari inapangwa. Lengo halitajwi. Basi msimu ukifika ukingoni kila mtu huja na kipimo chake, tena huja nacho akiwa ameshayaona matokeo. Anayechagua kipimo baada ya kuona matokeo hashindwi ubishi.

Eldoret ina sababu yake ya kuuona mzozo huu kuwa kero. Huu ni mji uliozoea kupima watu kwa saa. Mtoto wa shule anajua kwamba Emmanuel Wanyonyi alishinda dhahabu ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa dakika 1:41.19, na kwamba Faith Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:48.68 Julai 2025. Mkimbiaji akiingia wa tatu kwenye majaribio ya kitaifa anafikiria ndege, akiingia wa nne anarudi Kaptagat au Iten kufanya mazoezi, na hakuna kibanda cha chai kitakachobishana kama wa nne naye "kwa namna fulani" amefuzu. Kwa watu waliokulia kwenye hesabu hiyo, maneno kama "timu imekua" au "tumecheza vizuri" yana harufu ya kisingizio.

Lakini hata saa haimalizi maneno. Paris 2024 Kenya ilipata medali 11, nne zikiwa za dhahabu. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, ikapata 11 tena, safari hii saba za dhahabu, na ikamaliza ya pili nyuma ya Marekani. Wanawake walizoa dhahabu zote kuanzia mita 800 hadi marathoni, pamoja na kuruka viunzi na maji. Idadi ya medali ni ile ile, ila baada ya Paris manung'uniko hayakukosekana na baada ya Tokyo zilisikika shangwe zaidi. Anayehesabu dhahabu ana haki ya kushangilia. Anayetazama wanaume walivyobaki na dhahabu moja tu, ya Wanyonyi, naye ana neno. Ikiwa riadha yenye saa na mkanda wa kupimia inaleta mgawanyiko, soka ya chuo itaukwepa vipi?

Mji huu pia umewahi kuwa na makombe ya soka, na historia hiyo inafundisha kuliko wengi wanavyoikumbuka. Rivatex, timu ya kiwanda cha nguo, ilichukua kombe la taifa la mtoano mwaka 1990 na tena mwaka 1995. Mwaka 1997 ikawa zamu ya Eldoret KCC, timu ya watu wa maziwa. Makombe matatu ndani ya miaka minane, kutoka mji mmoja usiokuwa Nairobi wala Mombasa. Katika muda huo wote, na hadi leo, hakuna klabu ya Eldoret iliyowahi kuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Ukitumia jedwali la ligi, Rivatex haikuwahi kumaliza msimu ikiwa ya kwanza nchini. Ukitumia kabati la vikombe, ilikuwa na misimu miwili ambayo vilabu vingi vya Kenya vingeiota. Mzee aliyekuwa akiingia uwanjani enzi hizo atakutajia kombe na sherehe zake, na nafasi ya ligi ataitafuta kichwani kwa muda mrefu.

Kisha tazama kilichofuata. Timu hizo zilisimama juu ya viwanda. KCC ya zamani iliporomoka kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, ikabinafsishwa, na serikali ikaifufua mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Rivatex nayo ilizama kwenye madeni hadi mashine zikazimwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua kiwanda kwa ajili ya uzalishaji, mafunzo na utafiti, na mwaka 2019 Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya kikiwa na mitambo ya kisasa. Kwa hiyo chuo hicho kilirithi jina lililowahi kubeba kombe la taifa mara mbili. Kilirithi ardhi, majengo na mitambo. Timu haikuwa sehemu ya urithi, maana wakati huo hapakuwa na timu ya kurithi.

Narefusha habari hii kwa makusudi. Shabiki wa 1997 aliyesema "msimu umefaulu, kombe tunalo" hakukosea hata kidogo. Ila kipimo chake hakikuuliza mishahara ya mwakani ingetoka wapi, wala nani angecheza nafasi ya ulinzi wakongwe wakistaafu. Kombe lilikuwa kweli, na lilikuwa karibu na mwisho wa safari. Tangu hapo Eldoret imekaa miaka mingi bila klabu ya kudumu katika ligi kuu, na pengo hilo ndilo linalofanya timu ya chuo ibebeshwe matarajio yasiyo ya umri wake. Kijana wa mwaka wa pili anayesomea kilimo anajikuta akitakiwa arudishe heshima iliyopotea kabla hajazaliwa.

Chuo chenyewe ni kiumbe tofauti kabisa na klabu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, cha pili cha umma nchini baada ya Nairobi, na makao yake makuu yako Kesses, kusini mwa mji. Chuo Kikuu cha Eldoret kilikuwa kampasi yake ya Chepkoilel hadi kilipopata hati yake mwaka 2013. Kuna pia Eldoret National Polytechnic, na vyuo vya kati vingi mjini. Michezo ya vyuo vikuu husimamiwa na chama chake cha kitaifa. Timu hupimana kwenye kanda kwanza, zinazofuzu huenda kwenye michezo ya taifa, na kutoka hapo hufunguka njia ya michezo ya Afrika Mashariki inayofanyika kila baada ya miaka miwili. Uganda wamekwenda mbele zaidi: tangu 2012 wana ligi ya soka ya vyuo vikuu yenye mechi za nyumbani na ugenini, mdhamini na kamera za televisheni, na umati unaofanya vilabu vya ligi kuu vione wivu. Kwetu msimu ni mfupi na umekatikakatika, na mara nyingi wiki moja ya mashindano hubeba uzito wa mwaka mzima.

Hata huo ufupi si wa uhakika. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 3 Oktoba 2024 Chuo Kikuu cha Moi kilifungwa kwa muda usiojulikana kufuatia mgomo wa wahadhiri na maandamano ya wanafunzi, na kazi haikurudi sawasawa hadi mwaka ulipokaribia kwisha. Mwaka uliofuata wahadhiri wa vyuo vya umma nchi nzima waligoma kuanzia 17 Septemba hadi 5 Novemba, siku 49. Ziweke tarehe hizo kando ya kalenda ya michezo. Septemba hadi Novemba ndicho kipindi ambacho wanafunzi wapya wameingia, kocha anatafuta mlinda lango, na mabeki wanafundishwa kusogea kwa pamoja. Chuo kikifungwa, straika anarudi kwao Kitui au Siaya, akicheza ni mpira wa mtaani, na akirudi anakuta mitihani imesogezwa hadi wiki ya mechi. Halafu mtu anasimama na kusema timu ilikosa mshikamano. Ingeutoa wapi?

Kuna tatizo jingine la kalenda, nalo liko ndani ya shabiki mwenyewe. Sikiliza mazungumzo ya aina hii, yanayorudiwa kila mwaka kwa sauti tofauti:

"Komredi, hii timu imesumbua watu msimu mzima!"

"Imesumbua nani? Kombe liko wapi?"

"Wewe uko mwaka wa ngapi?"

"Wa nne."

"Ndio maana una haraka."

Jibu hilo la mwisho lina uchambuzi mwingi kuliko hotuba. Shabiki wa Gor Mahia anarithi timu kwa babake na atamwachia mwanawe, hivyo anaweza kusubiri. Shabiki wa timu ya chuo anapewa miaka minne. Aliye mwaka wa kwanza anaona nusu fainali kama mwanzo. Aliye mwaka wa nne anaona mlango unafungwa, na kwake "tunajenga timu" maana yake ni kwamba wengine watakula matunda. Ubishi unaodhaniwa kuwa wa soka huwa mara nyingi ni ubishi wa umri: mtu amebakiwa na misimu mingapi. Wachezaji nao wamo humo humo. Kila mwaka robo ya kikosi inahitimu, na mara nyingi ni ile robo iliyokomaa.

Sasa tuje uwanjani, maana hata matokeo yenyewe hayasomeki kirahisi kama watu wanavyodhani. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100. Kisumu iko kwenye 1,100 na ushei, Mombasa iko usawa wa bahari. Timu inayopanda kutoka chini ikicheza Kesses au Chepkoilel, dakika ya sabini mabeki wake wanashika viuno. Wenyeji wanafunga mabao mawili ya mwisho na watu wanaondoka wakisema kikosi kina nguvu. Nguvu ipo, lakini sehemu yake ni ya hewa. Ndiyo maana ushindi mnono wa nyumbani ninaupunguzia alama, na sare ya ugenini kwenye joto ninaiongezea. Mvua nayo ina usemi wake: Uasin Gishu hunyeshewa kuanzia Machi hadi Septemba karibu bila kupumzika, na uwanja wa nyasi ukishageuka tope, timu inayopenda pasi fupi inakuwa sawa na inayobutua. Msimu ambao nusu ya mechi zilichezwa kwenye tope hausemi mengi kuhusu ufundi wa mtu.

Na mashindano yenyewe ya siku chache ni bahati nasibu zaidi ya tunavyokubali. Makundi, robo, nusu, fainali, karibu kila siku mechi, wachezaji wamelala kwenye mabweni ya chuo mwenyeji, mmoja ana tumbo, mwingine ana kadi mbili. Timu mbili zinazotoshana zikitoka sare, mshindi anapatikana kwa penalti tano. Mpira uliogonga mwamba ukaingia na mpira uliogonga mwamba ukatoka hutenganishwa na upana wa kidole, ila mmoja unaitwa historia na mwingine unaitwa aibu. Sisemi penalti si soka. Nasema tu kwamba mtu anayeandika hukumu ya miezi minane kwa kutazama mkwaju mmoja amejipunguzia kazi.

Mashabiki wa vyuo vya Eldoret wasijione wa pekee. Mei 2025 Simba ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, fainali yake ya kwanza ya bara tangu 1993. Ilifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar, kombe likaenda. Mwezi uliofuata ikafungwa 2-0 na mtani wake, Yanga ya Jangwani, na ubingwa wa ligi ukaenda huko kwa mwaka wa nne mfululizo. Je, msimu ulifaulu? Wapo Wanasimba waliosema huo ulikuwa msimu wao mkubwa kuliko wote wa kizazi chao. Wapo waliosema msimu usio na kombe lolote mbele ya mtani hauna jina zuri. Pande zote mbili zilikuwa na takwimu zile zile mkononi.

Mwezi Agosti mwaka huo huo, timu ya taifa, Harambee Stars ya kocha Benni McCarthy, ilicheza CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa mara ya kwanza, ikiwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Kundi lake lilikuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia. Kabla ya mechi ya kwanza, watu wengi wangekubali kuvuka kundi tu, na hata hilo lilionekana kama ndoto. Kenya ikaishinda Congo, ikatoka sare na Angola, ikaishinda Morocco, ikaishinda Zambia, ikaongoza kundi. Tarehe 22 Agosti ikatolewa na Madagascar kwa penalti Kasarani, na nchi ikalala na huzuni kana kwamba imeibiwa. Lengo lilikuwa limehama katikati ya mashindano. Mtu aliyetarajia kidogo tarehe mosi alikuwa anadai fainali kufikia tarehe 20, na hakukumbuka kwamba dai hilo lilikuwa la wiki moja tu.

Linganisha na wasichana wa chini ya miaka 17. Junior Starlets walikwenda Kombe la Dunia Jamhuri ya Dominika Oktoba 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote. Walifungwa mechi mbili, wakaishinda Mexico 2-1, wakatoka kwenye makundi. Kwa hesabu kavu walifanya vibaya kuliko Harambee Stars. Walipokelewa kama mashujaa, na walistahili, wengi wao wakiwa bado kwenye sare za shule ya upili. Hapakuwa na mtu aliyewaahidia watu kombe. Waliahidi kufika, wakafika, na ushindi juu ya Mexico ukawa nyongeza.

Kwa upande wa kupindukia nenda Marekani, ambako mpira wa vyuo, ule wa kubebwa mikononi na kofia ngumu, ni dini ya watu wazima. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000. Tangu 2025 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5, zaidi ya shilingi bilioni 2.6 za Kenya. Hata huko, penye pesa zote hizo na watakwimu wa kulipwa, swali la Kesses halijapata jibu. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Nebraska kilimfukuza kocha Frank Solich akiwa ameshinda mechi tisa na kufungwa tatu, kwa kuwa tisa hazikutosha. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya, timu ilishinda tano na kufungwa sita, msimu wake wa kwanza wa kushindwa kuliko kushinda tangu 1961. Nebraska haijawa bingwa wa kanda yake tangu 1999. Bila shaka leo wapo mashabiki wake ambao wangechinja ng'ombe kwa ajili ya tisa kwa tatu.

Ohio State nao wana kisa chao. Tarehe 30 Novemba 2024 walifungwa 13-10 nyumbani na mahasimu wao wa Michigan, mara ya nne mfululizo, na watu wakataka kichwa cha kocha. Mwaka huo ndio kwanza mchujo wa ubingwa ulikuwa umepanuliwa kutoka timu nne hadi 12, hivyo wakabaki ndani. Tarehe 20 Januari 2025 waliifunga Notre Dame 34-23 wakawa mabingwa wa taifa. Kwenye mfumo wa timu nne, huenda msimu ule ule ungeishia kwenye aibu ya Novemba. Kamati iliyokaa ofisini ikabadili kanuni ilishiriki kuamua kama msimu umefaulu, sawa na washambuliaji. Wanaopanga michezo ya vyuo kwetu, wakiongeza au kupunguza timu zinazovuka kutoka kanda, wana mamlaka hayo hayo, na hakuna shabiki anayewaimbia wala kuwazomea.

Ubishi wa Eldoret una wafaidika wake pia, na hawachezi mpira. Katibu wa michezo wa wanafunzi anahitaji msimu uitwe wa mafanikio, maana ndicho atakachokitaja akiomba cheo kikubwa zaidi. Tangu sheria ya vyuo vikuu irekebishwe mwaka 2016, viongozi wa wanafunzi huchaguliwa kupitia wajumbe badala ya kura ya kila mmoja, na kwa wajumbe picha ya kapteni akipokea medali ya shaba inauzika vizuri. Mpinzani wake anahitaji msimu huo huo uitwe wa hasara. Idara ya michezo inahitaji uwe wa mafanikio kiasi cha kutosha ili ipewe bajeti, lakini usiwe wa mafanikio mno hadi ionekane haihitaji zaidi. Kocha, ambaye mara nyingi ana majukumu mengine chuoni, anahitaji tu aachwe afanye kazi. Unapomsikia mtu akitoa hukumu kali, inafaa kujua anakula meza ipi.

Walalamikaji, hata hivyo, wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Ada ya shughuli za wanafunzi inalipwa na watu, wengine kwa mkopo wa HELB watakaoulipa wakiwa na miaka thelathini. Mzazi wa Moiben anayeuza maziwa kulipia karo hakutuma pesa ili watu ishirini na watano waende matembezi. Kauli ya "wanafunzi wanacheza kwa kujifurahisha" ni tamu, lakini inafuta wajibu wote, na mara nyingi hutolewa na watu waliotaka sifa zote timu iliposhinda. Msimu wa chuo una haki ya kuhukumiwa. Ninachokataa ni hukumu ya kubuniwa baada ya tukio.

Mimi nikiulizwa, nitaanza na swali la kiofisi: mechi ngapi zilizopangwa zilichezwa kweli? Timu iliyopangiwa kumi ikacheza sita kwa sababu basi halikuwa na mafuta au uwanja ulikuwa na mahafali imepoteza msimu kabla ya kufungwa bao, na lawama hiyo haiendi kwa beki wa kushoto. Baada ya hapo nitatazama ugenini, chini kwenye joto, ambako hewa ya Uasin Gishu haisaidii mtu. Halafu nitataka kuona orodha ya waliocheza dakika nyingi na mwaka wa masomo wa kila mmoja. Kama robo inayohitimu ndiyo iliyocheza karibu kila dakika, na wadogo wamekaa benchi miezi minane wakibeba maji, basi hata kikiletwa kikombe nitakuwa na wasiwasi wa aina ya Eldoret KCC 1997. Kama vijana wawili au watatu wa mwaka wa kwanza wameshaonja nusu fainali, nafasi ya nne ina thamani ambayo haionekani kabatini. Na nitauliza, kwa sauti ya chini kidogo kwa kuwa mashabiki hawalipendi swali hili, ni wangapi wamefanya mitihani yao na wakapita. Kocha anayemrudisha mlinzi wake wa kati darasani na bado akafika nusu fainali amefanya kazi ambayo McCarthy hakutakiwa kuifanya.

Haya yote yangekuwa mepesi kama Septemba, kabla ya mechi ya kwanza, kocha, kapteni na katibu wa michezo wangebandika karatasi moja kwenye ubao wa matangazo: tunatarajia kucheza mechi kadhaa, kuvuka kanda, kuwapa nafasi wapya kadhaa, na tukifika nusu fainali tutakuwa tumezidisha. Haigharimu kitu zaidi ya wino. Makocha wa riadha wa hapa hapa hufanya hivyo kila siku: kijana anaambiwa muda anaotakiwa kukimbia kabla hajafunga kamba za viatu. Lakini sidhani karatasi hiyo itabandikwa mwaka huu, kwa sababu atakayeipinga kwanza ni katibu wa michezo. Ahadi ya mdomo kwenye kampeni husahaulika, na karatasi hupigwa picha.